Miaka Miwili Aliyoongezewa Kiroboto

Ndugu, jamaa, majirani na wageni wote mliokuja kumsindikiza dada yetu, asanteni na poleni. Kwenye karatasi mliyopewa mlangoni mmeona imeandikwa kwamba marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Mei 1987. Wapo kati yenu waliozoea tarehe nyingine, maana ndiyo iliyotangazwa redioni na kuandikwa magazetini kwa zaidi ya miaka ishirini. Mpiga chapa hakukosea. Tarehe mliyoshika mkononi ndiyo aliyozaliwa, na wasifu huu umeandikwa na familia yake. Mimi ninayewasomea ni mdogo wake.

Marehemu alikuwa mtoto wa kwanza katika watoto wawili, wote wasichana. Siku alipozaliwa, baba yetu, ambaye ni fundi makanika wa malori, aliitwa akiwa chini ya gari, akafika wodi ya wazazi na grisi hadi kwenye viwiko. Muuguzi akamzuia mlangoni. "Huyu humshiki hivyo, baba." Baba akaenda kwenye sinki la kufulia, akajisugua kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikamwaka, akarudi, akakabidhiwa mtoto. Alimpima mikononi, akamgeukia muuguzi na kumuuliza, "Ndiye huyu tu, basi?" Mama alilisimulia jambo hilo miaka yote ya ndoa yao, na kila mara baba alitoka nje.

Jina la Kiroboto alilipata kabla hajatimiza miaka mitatu. Alikuwa hatembei kutoka kitandani hadi mlangoni, alikuwa anaruka. Mama yetu, aliyekuwa mshonaji, aliwahi kumkuta juu ya kabati la vitambaa, ameketi ametulia kama mgeni aliyekaribishwa, na hadi leo haijulikani alipandaje.

Alianza shule ya msingi Januari 1994. Alikuwa mwanafunzi wa katikati, mzuri katika hesabu, mvivu wa kuandika. Mwaka wa pili kocha wa jimnastiki alikuja shuleni kutafuta watoto. Alimkuta wakati wa mapumziko akining'inia kichwa chini kwenye chuma cha ngazi huku akila mkate. Alimshika mabega, akamtazama miguu, akamgeukia mwalimu wa darasa: "Huyu wa kwao wapi?"

Kuanzia hapo maisha yake yalikuwa ukumbini. Lilikuwa jengo refu nyuma ya kiwanda cha nguo, madirisha yako juu karibu na paa, magodoro yananuka miguu, na vumbi la chaki limetanda hewani. Alikwenda kabla ya masomo na baada ya masomo. Kifaa alichokipenda kuliko vyote ni boriti: mbao moja ndefu, upana wake ni kama kiganja cha mtu mzima, imeinuliwa juu kufikia kifua. Juu ya kitu hicho dada yetu alipiga samasoti ya kinyumenyume akatua kwa vidole. Viganja vyake vilichunika kwa sababu ya vyuma vya kubembea, na mama alivilowesha kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi jioni, yeye akicheka: "Mama, tazama, najivua ngozi kama nyoka."

Isije ikasemwa hapa kwamba alilazimishwa. Alipenda. Kama kuna neno moja la kweli ambalo chama cha jimnastiki na familia tunaweza kukubaliana nalo, ni hilo. Alipenda mchezo ule kwa moyo wake wote, na hiyo ndiyo iliyowarahisishia watu kazi.

Januari 2001 katibu wa chama cha jimnastiki alikuja nyumbani na kocha. Mwaka huo timu ya wasichana sita ilikuwa inaandaliwa kwa mashindano makubwa ya kimataifa ng'ambo. Sheria ya mashindano ilitaka kila msichana awe ametimiza, au atimize mwaka huohuo, miaka kumi na sita. Dada yetu alikuwa na kumi na tatu, akielekea kumi na nne. Katibu alikunywa chai yote, akasifu nyumba, akasifu mapazia ya mama, kisha akasema wanachohitaji ni sahihi ya baba kwenye maombi ya cheti kipya cha kuzaliwa.

Baba akauliza, "Cheti kipya cha nani? Huyu si alishazaliwa?"

"Mzee wangu, ni miaka miwili tu," katibu akasema. "Mtoto hazeeki kwa karatasi."

"Na nikiulizwa?"

"Nani atakuuliza wewe? Tutaulizwa sisi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alisema, "Mimi ndiye niliyemzaa, na sikumzaa mwaka huo mnaoutaka." Kocha alitazama sakafu. Katibu akamgeukia mtoto mwenyewe, aliyekuwa ameketi kwenye mkono wa kochi. "Eti Kiroboto, unataka kwenda au hutaki?" Unamuuliza swali hilo mtoto aliyeota boriti tangu darasa la pili, unategemea ajibu nini? Baba alitia sahihi. Ameniruhusu kuyasoma haya mbele yenu, akaniambia nisiruke hata mstari.

Kwa hiyo dada yetu akazaliwa tena, tarehe 3 Agosti 1985, ofisini, mbele ya katibu na muhuri.

Hasara ya kwanza ilikuwa shule. Alikuwa katika mwaka wake wa nane wa masomo, na msichana wa miaka kumi na tano na nusu aliyeketi na watoto wa kumi na tatu angeleta maswali. Chama kikamtoa darasani mwezi wa Machi, kikaahidi mwalimu wa kumfundisha ukumbini. Mwalimu huyo alikuja mara mbili.

Hasara ya pili ilikuwa mgongo. Mwezi wa Juni aliteleza kwenye boriti akaangukia ukingo wake kwa kiuno. Katibu ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari aliiweka picha ya mgongo kwenye taa, akaiangalia kwa muda, akamuuliza, "Una miaka mingapi, binti?"

Katibu akajibu, "Kumi na tano. Agosti anatimiza kumi na sita."

"Nimemuuliza yeye."

"Daktari, tuna haraka kidogo. Cheti chake hiki hapa."

"Mifupa hii bado inakua," daktari akasema. "Angekuwa mtoto ningemfunga kiuno miezi kadhaa na ningemkataza kabisa kuruka."

"Ndivyo alivyoumbwa, mdogo mdogo. Wote wako hivyo kwenye mchezo huu."

Akapewa mkanda, wiki mbili za kupumzika, na vidonge vya maumivu. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, na aliponisimulia nilimuuliza kwa nini hakusema umri wake. Aliniambia, "Nilitaka. Lakini katibu alikuwa ameshika begi langu." Nilikuwa na miaka kumi na nililiona jibu hilo linatosha kabisa. Mtu amekushikia begi, utaondokaje?

Fainali ya timu ilikuwa tarehe 20 Oktoba 2001. Tuliitazama kwenye duka la kinyozi jirani yetu, mwenye televisheni kubwa kuliko zote mtaani, tukiwa tumebanana mpaka mteja mmoja akabaki amenyolewa upande mmoja. Wasichana watano walikuwa wamemaliza. Alibaki yeye kwenye boriti, na ilijulikana wazi kwamba akianguka timu haipati kitu. Mtangazaji akasema, "Ana miaka kumi na sita, lakini ukimwona utadhani ana kumi na mbili!" Duka zima likacheka. Baba alicheka pia, kwa kuchelewa kidogo.

Hakuanguka. Waliomwona hawajasahau, na mimi sina maneno ya kuwaeleza ambao hawakumwona. Alikwenda juu ya mbao ile kama mtu anayetembea sebuleni kwao, akaruka, akazunguka mara mbili hewani, akatua miguu imeshikana. Medali ya fedha, ya kwanza kwa timu ya wasichana wetu. Kinyozi alimbeba baba juujuu. Mama hakushangilia. Alikuwa ameona mwanawe alivyoshuka jukwaani, ameshika ukuta, akiteremka kwa mguu mmoja mmoja kama bibi mwenye baridi yabisi.

Wakapokewa kwa gari la wazi na maua. Picha yake akiwa hewani ikatundikwa kwenye korido ya ofisi za chama, na ipo mpaka leo. Mwenyewe aliendelea kumeza vidonge vilivyotoka kwenye begi la timu, vilivyogawiwa bila kuhesabiwa, mpaka ikafika siku hawezi kuinama kufunga viatu. Machi 2003 katibu alimwita ofisini akamwambia nafasi yake imepewa mwingine. Alipouliza sababu, alijibiwa, "Umri nao umekwenda, mama." Alikuwa na miaka kumi na mitano. Walimwongezea umri ili aingie, kisha wakamtoa kwa umri huohuo.

Alijaribu kurudi shule. Mwalimu mkuu aliangalia cheti akasema hawezi kumchanganya mtu anayekaribia miaka kumi na minane na watoto. Hakumlaumu mwalimu yule. "Angefanyaje?" alisema. "Cheti kinasema mimi ni mtu mzima."

Mwaka 2004 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafanya kazi hapo miaka kumi na mitano, akikunja mashuka na kuendesha mashine. Wenzake wapo hapa leo na watanisahihisha nikikosea: alikuwa mcheshi, mkali kwa mtu anayeacha mashine inapiga kelele, na alikunja shuka lenye mpira kwenye pembe, lile ambalo hakuna binadamu anayeliweza, likatoka kama bahasha. Kila tarehe 3 Agosti walimletea keki na kumwimbia, naye alishangaa na kuziba mdomo kwa viganja. Jioni aliniambia, "Mwaka huu nimeshangaa vizuri zaidi."

Kuanzia 2010 alifundisha watoto wadogo Jumamosi katika ukumbi wa kulia wa shule ya msingi, meza zikiwa zimesukumwa ukutani na magodoro ya kuazima yametandikwa chini. Aliomba chama kimpe cheti cha ukocha. Alijibiwa kwamba cheti hicho kinahitaji mtu aliyemaliza masomo. Alifundisha bila cheti. Somo la kwanza kwa kila mtoto lilikuwa kuanguka. "Kuruka utajua mwenyewe," aliwaambia. "Njoo kwanza nikufundishe kufika chini." Mtoto aliyesema anaumwa aliketishwa papo hapo, na mzazi aliyenung'unika alionyeshwa mlango. Kwa hili hakuwa na utani hata kidogo.

Wengi mtajiuliza kwa nini hakusema ukweli miaka yote hiyo. Nilimuuliza hata mimi, si mara moja. Jibu lake lilikuwa moja. "Medali ile si yangu. Tulipanda sita. Nikifungua mdomo, wanavuliwa wote, na wale watano hawakumdanganya mtu." Mmoja wao, aliyekuwa nahodha, alifungua ukumbi wa mazoezi wenye jina la medali ile mlangoni. Mwingine alipata kazi kwa sababu ya medali hiyo. Dada yetu aliwajua hao wote, na watoto wao kwa majina. Akanyamaza.

Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na fundi wa mafriji na mashine, aliyekuja kutengeneza mashine ya kufulia na akarudi kuitengeneza mara tatu ikiwa nzima. Alipomposa, dada alimwambia kuna jambo lazima alijue kwanza. "Mimi nina siku mbili za kuzaliwa." Shemeji alifikiri kidogo. "Basi nitanunua keki mbili." Akatimiza. Keki ya Mei ililiwa nyumbani, pazia limeshushwa, tukiimba kwa kunong'ona kama wezi. Nyumba ile ilikuwa na kicheko, namshukuru shemeji kwa hilo. Tarehe 22 Septemba 2014 walijaliwa binti. Mimba ile aliibeba akiwa amelala chali kwa miezi, kwa sababu mgongo haukuweza kubeba watu wawili.

Ugonjwa ulijitokeza mwaka 2019. Miguu ilianza kuvimba, kisha uso, na vipimo vikaonyesha figo zimechoka. Daktari bingwa alimuuliza ameanza lini kutumia dawa za maumivu kwa wingi.

"Nilipokuwa na miaka kumi na nne."

Daktari akaangalia faili. "Mwaka gani huo?"

"Elfu mbili na moja."

"Basi ulikuwa na kumi na sita."

Nilikuwa nimeketi pembeni yake. Nilimwona anavuta pumzi, halafu anaiachia. "Andika unavyoona, daktari," akasema.

Aliacha kazi mwaka huohuo. Kwa miaka mitano alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mumewe alipimwa ili amtolee figo, nami nikapimwa. Wote wawili hatukufaa. Shemeji, aliyezoea kufungua kila mashine inayokorofisha, alikaa mbele ya mashine ile ya damu, mikono magotini, hana la kufungua. Chama kilipelekewa habari. Mwaka walipoadhimisha miaka ishirini ya medali, walimtumia mwaliko wa chakula cha jioni, aje akae meza ya mbele. Hakuweza hata kunywa maji kwa kiasi anachotaka.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huu, 2024, alituita kitandani shemeji na mimi. Alizungumza polepole, lakini akili yake ilikuwa timamu kabisa. "Nikifa," alisema, "mniandike umri wangu."

Nikamuuliza, "Na wenzako?"

"Nimewabeba miaka ishirini na mitatu. Washuke sasa, watembee." Akafumba macho. Tulidhani amelala. Kisha akasema, "Nimechoka kuwa mkubwa, jamani."

Alifariki Ijumaa asubuhi, tarehe 11 Oktoba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Siku mbili baadaye tulipata wageni wawili. Wa kwanza alikuwa yule katibu, ambaye sasa ni mwenyekiti wa chama. Alisema chama kitagharamia kila kitu, kitaleta bendi, kitaleta wasifu ulioandaliwa vizuri na mwandishi wao. Ombi lake lilikuwa dogo: tarehe ibaki kama inavyojulikana. "Tusimchafue marehemu, mzee wangu," alimwambia baba.

Baba anatembea kwa fimbo siku hizi, lakini alisimama bila fimbo. "Nilikutilia sahihi mara moja," akasema. "Na chai ulikunywa. Leo chai hakuna."

Wa pili alikuwa nahodha. Huyu alilia kweli, na hatutamsema vibaya. Aliketi sakafuni kando ya kiti cha baba, akasema, "Baba, mkiandika hivyo mnatuvua mbele za watu. Wanangu wanaijua medali ile kuliko wanavyonijua mimi." Baba alimshika kichwa, akakiinua. Alimwambia, "Mwanangu, yeye alivuliwa kila kitu mkabaki mmevaa. Mimi siwezi kumnyima na hili." Nahodha aliondoka, na tulimsikia akilia mpaka kona ya mtaa.

Asubuhi hii dereva wa chama ameleta shada kubwa la maua. Kwenye utepe wake wameandika 1985 hadi 2024. Utepe tumeuvua. Maua tumeyaacha, hayana kosa.

Marehemu ameacha mume mmoja, binti mmoja wa miaka kumi, aliyeniomba niwaambie kwamba mama yake alijua kusuka nywele vibaya sana, baba, na mdogo wake mmoja. Mama yetu alitangulia mwaka 2016. Ameacha pia wenzake wa chumba cha kufulia, na watoto wa Jumamosi, ambao mnawaona wamesimama pale kwenye majani, na ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuumia mikononi mwake. Ameacha wasichana watano aliopanda nao jukwaani. Tuliwawekea viti safu ya pili, upande wa kushoto. Mnaviona. Tunaomba visikaliwe wala visiondolewe mpaka tumalize kufukia, huenda wamechelewa tu.

Dada yangu, sasa teremka taratibu. Hakuna anayeshangilia na hakuna anayekuandikia alama. Upumzike kwa amani.